Wageni Walala Tsavo kwa Trela, Sisi Twaichungulia Dirishani

Msimu wa likizo ukikaribia, barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi huanza kuonyesha magari ya aina fulani. Kuna Land Cruiser zilizofungwa hema juu ya paa, na kuna zinazovuta trela ndogo ambazo ukizifungua zinageuka chumba cha kulala: godoro, jiko la gesi, tangi la maji, hata friji ndogo. Wengi wenye magari hayo ni wageni kutoka Ulaya na Afrika Kusini, na siku hizi wapo pia Wakenya wa Nairobi wenye uwezo. Wakifika Voi hukata kona, huingia Tsavo Mashariki, na usiku ule hulala chini ya miti huku simba wakinguruma upande wa pili wa mto.

Sisi wa mwambao, ambao Voi ni mwendo wa kama kilomita 160 kutoka Mombasa, twapita. Tunaenda Nairobi kwa shughuli, tunarudi. Tangu reli ya SGR ianze kubeba abiria mwaka wa 2017, wengi wetu ndovu wa Tsavo tumewaona kupitia kioo cha Madaraka Express, wekundu kwa vumbi la udongo wa kule, sekunde kumi hivi halafu treni ishapita. Watoto wanapiga kelele, simu zinatolewa, picha inatoka na ukungu. Hiyo ndiyo safari yetu ya mbugani.

Makala haya yanauliza kwa nini iwe hivyo, na kwa nini jambo hili si la anasa tu kama linavyodhaniwa. Viwango vipya vya kiingilio vya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), vilivyotangazwa mwaka wa 2025, vimelirudisha mezani. Kwa miaka mingi raia mzima alikuwa akilipa shilingi 515 kuingia Tsavo. Viwango vipya vinapeleka ada hiyo hadi shilingi 1,000. Mgeni kutoka nje naye anapandishwa kutoka dola 52 hadi dola 80. Mume na mke peke yao wanatoka shilingi 1,030 hadi 2,000, na hapo hujahesabu watoto, gari, mafuta wala chakula.

Tuwe waadilifu kwanza. KWS ina hoja. Viwango vya zamani vilikaa muda mrefu bila kuguswa ilhali bei ya kila kitu ilipanda. Askari wa wanyamapori wanataka mishahara, magari yanataka mafuta, nyua za umeme zinataka kukarabatiwa, na kuna mbuga nyingi nchini ambazo haziwezi kujilipia zenyewe na zinabebwa na chache zinazoingiza pesa. Pia ni kweli kwamba hata kwa shilingi 1,000, raia analipa kama sehemu moja ya kumi ya anacholipa mgeni. Hakuna anayesema mwenyeji ananyonywa langoni.

Lakini kiingilio ni sehemu ndogo ya kizuizi. Hata kilipokuwa shilingi 515, familia za Majengo, Likoni, Kisauni na Malindi hazikuwa zikifurika Tsavo. Katika janga la korona, ndege za kimataifa ziliposimamishwa mwisho wa Machi 2020 na mahoteli yakafunga milango, KWS ilipunguza viingilio kwa muda kuanzia Julai mwaka huo ili kuwavuta wenyeji. Waliokuwa na magari walikwenda. Wasiokuwa nayo walibaki pale pale, kwa sababu mbuga huingii kwa miguu na matatu za abiria hazipiti ndani.

Kwa hivyo mlango wa mbuga kwa hakika una kufuli tatu. Ya kwanza ni kiingilio. Ya pili ni gari. Ya tatu, na ndiyo nzito kuliko zote, ni mahali pa kulala. Mtu akisikia Tsavo, kichwani mwake huja loji yenye bwawa la kuogelea na bei ya chumba cha usiku mmoja inayolingana na kodi ya nyumba ya mwezi. Akishafika hapo anaifunga hesabu.

Ndipo trela ya kambi inapotufundisha kitu. Anayesafiri nayo si lazima awe tajiri. Wengi wao ni wastaafu na familia za kawaida walioamua kwamba pesa zao hawatampa mwenye loji. Wanalipa kiingilio, wanalipa ada ya kambi ambayo ni ndogo sana ukiilinganisha na kitanda cha hoteli, wanapika wenyewe, wanalala. Maarifa yote ni hayo. Na kambi hizo ni za umma, si zao. Ndololo, ndani ya Tsavo Mashariki karibu na lango la Voi, ni kambi ya umma ambayo Mkenya yeyote aliye na hema ana haki nayo sawa na mgeni aliyevuta trela kutoka Cape Town. Shimba Hills, pale pale Kwale, nayo ina mahali pa kupiga kambi.

Tukitaja Cape Town, tuangalie wenzetu wa Afrika Kusini wanavyofanya, kwa sababu kule trela na karavani ni sehemu ya maisha. Mbuga ya Kruger ina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 20,000, ndogo kidogo kuliko Tsavo Mashariki na Magharibi zikiunganishwa. Barabara zake kuu zina lami, kwa hivyo gari dogo la kawaida linapita. Kambi zake kubwa kama Skukuza na Satara zimezungushiwa ua, zina viwanja vya kuegesha trela vyenye soketi za umeme, mabafu na majiko ya pamoja, duka, na kituo cha mafuta. Wengi wa wanaoingia Kruger ni raia wa nchi hiyo. Na kila mwaka, kwa kawaida mwezi Septemba, idara yao ya mbuga hutenga wiki ambapo raia mwenye kitambulisho huingia bure kwa matembezi ya mchana katika mbuga nyingi.

Tusiipambe Kruger kupita kiasi. Kambi zile zilijengwa zama za ubaguzi kwa ajili ya familia za Wazungu, na Mwafrika kwa miongo mingi aliingia kama mfanyakazi. Lakini hata historia hiyo ina somo. Mbuga ikijengwa ikimfikiria mwenyeji fulani, mwenyeji huyo huja. Zetu zilijengwa zikimfikiria mgeni anayeshuka Moi International akiwa amelipia kila kitu kwao, na hadi leo ndivyo zinavyoendeshwa.

Kuna atakayesema: na iwe hivyo, mgeni alete dola, sisi tupate kazi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini watu wa pwani tunajua vizuri kuliko wengine kwamba mgeni huyo ana siku haji. Mei 2014, Uingereza ilipotoa tahadhari ya usafiri kuhusu Mombasa, mamia ya watalii walirudishwa kwao kabla ya likizo yao kwisha, na mahoteli yakaanza kufunga na kuachisha watu kazi. Mwaka wa 2020 likatokea lile la korona. Mara zote mbili aliyeumia ni dereva wa gari la safari, mpishi, mwuza vinyago na mama anayepeleka mboga hotelini. Utalii uliosimama kwa mguu mmoja huanguka kwa msukumo mmoja. Mwenyeji anayelala kambini Ndololo kwa hema la bei nafuu haleti dola 80, lakini hasomi tahadhari ya London kabla ya kuondoka nyumbani.

Hiyo ni hoja ya mfuko. Iko nyingine nzito zaidi.

Tsavo mbili zikiunganishwa zina zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Kaunti nzima ya Kwale ingeingia humo mara mbili na nafasi ikabaki. Takriban asilimia 62 ya ardhi ya Taita Taveta ni mbuga hiyo. Na sisi wa mijini twaitegemea kila siku bila kuitaja. Chemchemi za Mzima zinabubujika ndani ya Tsavo Magharibi, kwa maji ya mvua iliyonyesha vilima vya Chyulu na kuchujwa na mawe ya volkano. Bomba lililojengwa miaka ya 1950 linayaleta Mombasa, safari ya zaidi ya kilomita 200. Mto Galana unakatiza Tsavo Mashariki, na ukishuka huku chini twauita Sabaki, ndio unaolisha visima vya Baricho vinavyonywesha Malindi, Kilifi na sehemu za Mombasa. Chemchemi za Marere, ndani ya Shimba Hills, zinapeleka maji Kwale na kusini mwa Mombasa. Anayefungua mfereji Tononoka huenda anatawadha kwa maji yaliyowapita viboko wa Mzima.

Sasa jiulize, ndugu msomaji. Ukizuka mjadala wa kukata sehemu ya Tsavo kwa mradi fulani, au mifugo ikiingizwa mbugani kwa maelfu, au misitu inayoshika maji ikigeuzwa makaa, ni nani wa mwambao atakayesimama kuuliza? Mtu hatetei asichokijua. Kwa wengi wetu mbuga ni ya wazungu na ya serikali, na vya serikali havina mwenyewe. Watoto wetu wanawajua wanyama wa Tsavo kwa katuni na vipindi vya televisheni vilivyotengenezwa ng'ambo. Wale simba wawili walioua wajenzi wa reli pale mto Tsavo mwaka wa 1898 wako Chicago hadi leo, wamejazwa na kusimamishwa katika makumbusho ya Field, na mtoto wa kule huwaona akiwa na darasa lake. Mtoto wa Changamwe hajawaona wale waliojazwa, wala hawa walio hai saa tatu kutoka kwao.

Hapa nasikia sauti ya mkulima wa Kwale au wa Taita: mwenzangu, ndovu mimi sina haja ya kulipia kumwona, huja mwenyewe usiku akala mahindi yangu. Sauti hiyo ni ya haki na haifai kupuuzwa. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inaahidi familia ya aliyeuawa na mnyama shilingi milioni 5, na aliyepata ulemavu wa kudumu shilingi milioni 3. Kilio cha miaka yote kimekuwa kwamba fidia hizo hukawia, na nyingine hukawia hadi mwenye haki akafa. Viongozi wa Taita Taveta nao wamedai kwa miaka mgao wa mapato ya Tsavo, na madai yao yamepata nguvu tangu serikali kuu ikubali kuikabidhi Amboseli kwa kaunti ya Kajiado.

Mkulima yule hatatulizwa kwa hema. Lakini tazama yuko peke yake kiasi gani. Sisi wa mjini hatumwelewi, kwa sababu hatujawahi kumwona ndovu kwa karibu tukajua uzito wa mguu wake. Na hatuielewi mbuga pia, kwa sababu hatujakaa ndani yake. Tukiwa na maelfu ya familia za pwani zinazoijua Tsavo, zinazojua wapi ua umeanguka na wapi maji yamekauka, mkulima atapata watu wa kumsemea na mbuga itapata watu wa kuitetea. Mambo hayo mawili hayapingani.

Nini kifanywe, basi? Mengi hayahitaji mabilioni.

Kwanza, gari. Treni ya Madaraka Express inayosimama vituo vya kati hushusha abiria Voi, na lango la mbuga haliko mbali na mji huo. KWS, kwa ushirikiano na kaunti au wenye magari wa Voi, ingeweza kuweka basi la wikendi linalosubiri treni kituoni, liingie mbugani, lipite bwawa la Aruba, lirudi jioni. Familia isiyo na gari ingekata tiketi ya treni, ikalipia kiti, mambo yakaisha. Vijana wa Voi wangepata kazi ya uongozaji, na wao ndio wanaoijua mbuga hiyo.

Pili, kambi. Mtu wa kawaida hana hema, na kulinunua kwa usiku mmoja hakuna maana. Mahema yakodishwe langoni pamoja na magodoro. Kambi za umma ziwe na maji ya uhakika, vyoo safi na mabafu yenye faragha kwa kina mama. Hili la mwisho linaonekana dogo, lakini waulize akina dada wa kwetu kwa nini hawapendi safari za kambi, jibu litaanzia hapo. Na mahali pa kutawadha na kusali si gharama kubwa kwa mbuga iliyopakana na jamii ya Waislamu.

Tatu, kiingilio chenyewe. Mgeni na alipe dola 80, hiyo ni bei ya soko. Kwa raia, ziwepo siku maalum kwa mwaka ambapo wakazi wa kaunti zinazopakana na mbuga wanaingia kwa ada ya chini au bure, kama Afrika Kusini. Magavana wa Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta wanakutana katika jumuiya yao ya kaunti za Pwani. Ombi kama hilo lina uzito zaidi likitoka kwa sita pamoja.

Nne ni sisi wenyewe. Tuna vyama vya kina mama, vikundi vya vijana, madrasa zenye safari za kila mwaka ambazo daima huishia ufuoni. Basi la watu thelathini likigawana gharama, Shimba Hills ni safari ya siku moja kwa nauli inayobebeka, na ndiyo mahali pekee nchini palipobaki palahala, yule swara mkubwa mwenye pembe zilizopinda nyuma. Aliye na gari dogo anaweza kuanza na Tsavo Mashariki wakati wa kiangazi, barabara zikiwa kavu, afuate njia kuu kutoka lango la Voi.

Kwa atakayekwenda, machache ya kuzingatia. Malipo ni kwa eCitizen, pesa taslimu langoni haipokelewi, na ni vyema kuthibitisha viwango vya siku hiyo kabla ya kuondoka. Malango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na wanyama huonekana zaidi mapema asubuhi na alasiri jua likipoa. Usizidishe kilomita 40 kwa saa, wala usishuke garini nje ya sehemu zilizoruhusiwa, hivyo panga sala ya adhuhuri uikute kambini au langoni. Msafiri ana ruhusa yake ya kupunguza na kuunganisha. Plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku mbugani tangu Juni 2020, basi biriani ibebwe kwa sufuria na maji kwa dumu. Kambi nyingi hazina ua. Chakula kibaki garini, si hemani, na machungwa usiyabebe kabisa maana ndovu huyanusa kwa mbali na akiyataka hatabisha hodi. Usiku, ukitaka kutoka hemani, mulika kwanza.

Qur'ani ina sura zenye majina ya ng'ombe, nyuki, chungu, buibui na ndovu. Jamii iliyolelewa na Kitabu hicho haikuumbwa kuwa mgeni kwa viumbe wa Mola waliopakana nayo. Babu zetu waliokwenda bara na misafara ya miguu waliijua nyika hii, wakaiogopa na wakaiheshimu. Sisi tuna treni, tuna lami, tuna simu ya kulipia, na tumeifahamu kidogo kuliko wao.

KWS inapokusanya ada zake mpya, ihesabu pia ni raia wangapi wa Pwani wameingia, na itangaze idadi hiyo kila mwaka kama inavyotangaza mapato. Ikipanda, tutajua mbuga imeanza kupata wenyewe. Ikishuka, wabunge na magavana wetu wawe na la kuuliza.